Mstari wa Pili Chini ya Upinde

Kila asubuhi kwa miaka mitano, kabla hajashika chuchu ya ng'ombe, Nairesiae alisimama mlangoni mwa zizi akaita kwa sauti ya kuamsha boma zima: "Koisaba! Ng'ombe wako hawa!" Akikamua, aliita tena. "Koisaba, huyu wa pembe moja leo ana kiburi, sijui nani kamuudhi." Akifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini ili maziwa yapate harufu, aliita vilevile. Mgeni asiyejua angedhani mwenye nyumba yumo ndani amejilaza. Mfanyabiashara mmoja wa Kizigua, mtu wa Handeni mjini aliyekuja kutafuta fahali, alikaa juu ya gogo mpaka jua likamchoma utosi, anamsubiri Koisaba atoke. Mwishowe akashindwa kuvumilia. "Hivi mama, huyu bwana usingizi wake ni wa namna gani?" Wanawake wakaangua kicheko. Nairesiae hakucheka. Alimletea mgeni maziwa, akamwambia mwenyewe yuko safarini.

Na kweli alikuwa safarini. Koisaba, mumewe, aliondoka na gari la jeshi mwaka wa sabini, na tangu siku ile haikuja barua, haikuja salamu, hakuja hata mtu wa kusema nilimwona mahali fulani akinywa chai.

Sasa, lazima ujue kwa nini mwanamke huyu alikuwa anapiga kelele hivyo. Kwa watu wake, Waparakuyo, wafugaji wa nyika za Handeni, mtu akishakufa jina lake haliitwi tena. Linawekwa chini. Watasema yule bwana, watasema baba yao, lakini jina lenyewe ulimi hauligusi. Basi Nairesiae akajiwekea sheria yake mwenyewe: maadamu yeye analiita kila siku na hakuna mzee aliyemkataza, Koisaba yu hai. Siku akinyamaza, atakuwa amemuua kwa mdomo wake. Ni ukaidi, ndiyo, nani amekataa? Lakini jamani, alimpenda yule mtu! Alimtamani mpaka mwili ukamuuma. Alitamani kumsikia anavyokohoa akiingia, alitamani hata ile tabia yake mbaya ya kutema mate mlangoni, ambayo waligombana kwa ajili yake tangu wiki ya kwanza ya ndoa.

Koisaba hakuchukuliwa na jeshi kwa ajili ya bunduki. Alichukuliwa kwa sababu ya kusoma ardhi. Ng'ombe akiibwa kati ya Handeni na Korogwe, watu waliita polisi, na polisi wakamwita Koisaba. Alitazama vumbi akakwambia huyu ni mtamba, au huyu amezaa mara tatu, amepita kabla ya umande, na aliyemswaga ni mvivu anayeburuta mguu. Sifa hizo zikafika mbali. Siku moja wakaja maofisa watatu na gari, wakamtaka awaonyeshe. Koisaba akarudi nyuma kwenye njia waliyojia, kichwa ameinamisha, akaenda mpaka kijitoni, akarejea taratibu.

"Mmoja wenu kiatu cha kushoto kimeachia kisigino," akasema. "Na mwingine ameshuka garini kukimbilia kichakani mara nne tangu pale mtoni. Huyo mpeni maji yenye chumvi, tumbo limemharibikia."

Maofisa wawili wakamgeukia wa tatu, na wa tatu akatazama pembeni. Wiki iliyofuata Koisaba akaondoka nao. Nairesiae aliambiwa kwamba mume wake anahitajika na taifa, na asimwulize mtu yuko wapi. Wakati ule alikuwa na mimba ya miezi miwili. Hata yeye mwenyewe alikuwa bado anajishuku tu, kwa hiyo hakumwambia mumewe kitu. Alimfungia maziwa ya mgando, akamtazama akipanda gari, akarudi ndani.

Hapa inabidi tuzungumze habari ya chapa, maana bila hiyo hakuna hadithi. Ukoo wa Koisaba ulikuwa na chapa yake, upinde uliolala chali, unachomwa kwenye paja la kushoto la ng'ombe. Mtu wa ukoo akioa, huchoma mstari mmoja chini ya upinde, na hiyo ni nyumba yake. Akipata mtoto wa kwanza na kumtambua kwa kinywa chake, huongeza mstari wa pili. Mtu wa nyika ile hana haja ya kukuuliza habari za nyumbani. Anatazama paja la ng'ombe wako anazisoma. Ng'ombe wa Koisaba walikuwa na upinde na mstari mmoja. Chuma chenyewe, Nairesiae alikizungushia ngozi akakiweka juu ya kitanda, upande ambao mumewe hulala, kikawa kinatoka siku ya kupiga ndama tu.

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa mwaka wa sabini na moja, msichana, mnene, mwenye hasira. Mkunga wa zahanati ya misheni, mama mmoja aitwaye Yuditha, ndiye aliyempokea na ndiye aliyempa jina la Sipora. Yuditha huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu barua. Wakaketi wawili na karatasi, na Nairesiae akaanza kusema kama inavyopasa mtu mwenye adabu kuanza, yaani kwa ng'ombe. Ng'ombe hawajambo. Wanane wamevuka korongo kwenda mashariki kutafuta maji. Yule wa pembe moja amerudi peke yake. Yule mweusi tumemficha kwa Parsimei mpaka mvua zinyeshe.

"Haya," Yuditha akasema. "Na mtoto?"

"Mtoto haandikwi."

Yuditha akaweka kalamu chini. Alijua anachomaanisha: kwao mtoto mchanga hatangazwi ovyo, hatajwi mbele ya watu usiowajua nia zao, na barua hupitia mikono ya watu wengi. Lakini Yuditha hakupenda. "Wewe nawe, mama Sipora! Mtu yuko mbali na nyumba yake, mwandikie hata neno moja. Mtoto. Basi."

"Nipe hiyo kalamu."

Akaishika kama fimbo ya kuswagia, akachora mwenyewe chini ya barua: upinde, mstari mmoja, halafu pembeni yake mstari wa pili. Akajivunia kazi yake. Mumewe atauona ule mstari, atajua. Barua ikaenda kwenye sanduku la posta waliloachiwa na wale maofisa, na jibu halikuja.

Mwiba ulimkaa hapo. Maana miezi ilivyozidi kwenda, ndivyo Nairesiae alivyozidi kujiuliza: je, kama aliuona ule mstari akadhani mkono umeteleza tu? Je, kama barua haikufika? Neno moja Yuditha alimwomba, neno moja, na yeye akaleta ukaidi. Mtoto akaanza kutambaa, akasimama, akaanza kuchunga ndama mlangoni, na mama yake akimtazama anaumia. Kufa, watu wote wanakufa. Alichoshindwa kukivumilia ni kwamba labda Koisaba alikuwa huko aliko, au alikwenda huko walikokwenda wazee, akijihesabu mtu asiye na mtoto, na kosa ni la mkewe.

Basi ikafika sabini na tano. Wafugaji nao wakaambiwa waingie kwenye kijiji cha ujamaa, waandikwe, kila nyumba na mkuu wake, kila kundi na mwenye kundi. Katibu wa kijiji alikuwa Simeo, mtu wa miwani, mpole, mwenye daftari kubwa na subira kubwa zaidi. Alipofika kwa Nairesiae akauliza mkuu wa nyumba yupo au hayupo.

"Yuko safarini."

"Mama, daftari hili halina mahali pa safarini. Kuna yupo, kuna marehemu."

"Basi acha wazi."

Simeo akaacha wazi. Akapita mara ya pili, akaacha wazi. Mara ya tatu akaja na Moringe, kaka yake Koisaba. Moringe hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa amewalinda ng'ombe wa mdogo wake miaka yote mitano bila kumchukua hata ndama. Lakini alikuwa amechoka, na wakubwa wa wilaya walikuwa wanamkaba.

"Shemeji," akamwambia, "Ijumaa tunapiga ndama chapa, na Simeo anafunga daftari. Ndama wa Koisaba nitawapiga chapa yangu. Sikunyang'anyi maziwa, mtoto atakula kwangu kama wangu. Ila siwezi kuendelea kuchoma chapa ya nyumba ambayo hakuna ajuaye kama ipo."

"Unataka kufuta nyumba yangu."

"Nimengoja miaka mitano. Nenda hata leo kaniletee habari yake, yoyote. Nitaipokea."

Jumanne Nairesiae akamfunga Sipora mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa na miguu inaning'inia, wakapanda basi la Korogwe. Ilikuwa safari yake ya tatu kwenda kuuliza kwa wakubwa. Mara ya kwanza walimwambia arudi baadaye. Mara ya pili walimwambia watatazama. Mara hii karani alipekua makaratasi kwa bidii kabisa, akavua miwani, akasema, "Mama, nimeulizia hadi juu. Jeshini hakuna mtu wa jina hili. Na hajawahi kuwapo."

Akatoka nje, hajui aende wapi. Hajawahi kuwapo! Na huyu mgongoni alitoka wapi? Akatembea mpaka mtaa wa Manundu, akaingia kwenye kibanda cha chai cha bi Mwaija, si kwa njaa bali apate kumshusha mtoto mgongoni. Bi Mwaija akampa mtoto andazi bila kuulizwa.

Meza ya pili akaja kuketi askari, mtu mzima, amebeba mfuko wa nguo. Alikuwa Sajini Habakuki, Msambaa wa kule Mkumbara, anarudi nyumbani baada ya miaka mingi. Akaagiza chai, akavua bereti yake, akajifuta jasho, akaiweka mezani imepinduka, ndani juu. Kwa ndani, palepale inapogusa kipaji cha uso, kilikuwa kimeshonwa kitambaa kidogo cha kaki, na juu ya kitambaa uzi mwekundu.

Nairesiae alimrukia yule askari kabla hajamaliza kumeza. "Mwizi!" Bereti ikawa mkononi mwake. "Hii chapa ya ng'ombe wetu! Umeitoa wapi? Ng'ombe wetu umewapeleka wapi?"

Kibanda kizima kikacheka. "Mama," mtu mmoja akasema, "sasa ng'ombe ataingiaje kwenye kofia?" Mwingine akauliza kama askari ana pembe. Bi Mwaija akapiga kelele, "Mama wewe, utanifungisha kibanda! Mrudishie afande kofia yake!"

"Nipe bereti, mama," Habakuki akasema, ameshasimama. Hakuwa anacheka. "Nipe kabla watu hawajaiona."

"Sikupi! Huu upinde ni wa ukoo wa mume wangu. Huu mstari ni nyumba yangu, mimi hapa! Na huu..." Kidole chake kikasimama. Alikuwa hajauona. Chini ya upinde palikuwa na mistari miwili, sawasawa, imeshonwa kwa mkono wa fundi. "Na huu wa pili," akasema polepole, "huu wa pili nani alikuonyesha? Huu haujachomwa kwenye ng'ombe yeyote duniani."

Habakuki alimtazama, akatazama shanga zake, akamtazama mtoto mwenye andazi.

"Wewe ndiye Nairesiae," akasema. "Wa Koisaba."

Kwa miaka mitano hakuwahi kusikia mdomo wa mtu wa mbali ukilitaja jina lile. Akashika meza. Habakuki akamwomba bi Mwaija mahali pa faragha, na bi Mwaija, ambaye sasa alikuwa anafuta macho bila kujua anamlilia nani, akawapitisha nyuma ya kibanda penye kuni, akawawekea vigoda.

Sipora, kama alivyolelewa, akaenda kwa mkubwa akainamisha kichwa asalimiwe. Habakuki akamwekea kiganja utosini, bila kusita, kama aliyefundishwa na mtu. "Kumbe mstari wa pili ndiye wewe," akamwambia.

"Mama, niliapa kutosema mengi," akaanza. "Tulikotumwa, sitasema. Tulichokiona ng'ambo, sitasema. Lakini habari ya kitambaa hiki hakuna aliyeniapisha. Tulikuwa saba. Wawindaji, warina asali, mimi niliyekuwa mwandishi wao, na Koisaba. Tulikaa kando ya mto Ruvuma, tunasoma nyayo za Wareno na za wapelelezi wao, tunapeleka habari kwa wakubwa. Hatukuandikwa kwenye orodha yoyote, ndiyo maana hapo ofisini hawakumwona. Hata jina kikosi hakikuwa nalo. Sasa, barua yako ikafika."

"Ilifika?"

"Ilifika kwa wakubwa kwanza. Mama, ile barua ilitutoa jasho! Maofisa walikaa nayo siku tatu. Wanane wamevuka korongo kwenda mashariki: ni askari wanane wa adui, wakasema. Wa pembe moja amerudi peke yake: huyo ni mpelelezi. Yule mweusi amefichwa kwa Parsimei, na huyu Parsimei ni nani, atafutwe! Na mchoro wa chini ndio ukawatia wazimu. Mmoja akasema upinde ni daraja na mistari ni makombania mawili ya askari. Mwingine akasema hapana, ni mitumbwi. Wakamwita Koisaba, wamemkunjia sura, askari wawili na bunduki mlangoni. Mkuu wetu akamwekea barua mbele akamwambia, eleza hii ni nini."

Nairesiae alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Koisaba hakujua kusoma, unajua. Hakutazama maneno hata kidogo. Alitazama mchoro. Akasema, ni ng'ombe wangu, afande. Akaweka kidole pale, kama wewe ulivyoweka sasa hivi. Akasema, kuna mstari umeongezeka. Halafu mtu mzima yule, mbele ya maofisa, akakaa chini sakafuni akacheka huku machozi yanamtoka. Nina mtoto, anasema. Nina mtoto! Mkuu anamwuliza, imeandikwa wapi? Imeandikwa wapi?"

"Alijua," Nairesiae akasema.

"Alijua. Alituchosha kwa kujua! Kila mtu aliyepita alichorewa upinde mchangani. Hakujua ni wa kike au wa kiume, basi akawa anatuuliza sisi, kama vile sisi ndio tuliozaa. Na baadaye mkuu alipotaka kikosi kiwe na nembo, watu wakataja simba, wakataja tai. Mkuu akasema, simba kila mtu anamjua. Mimi nataka ule mchoro ulioshinda ofisi nzima ya upelelezi siku tatu. Fundi cherehani mmoja akashona saba. Tukazivaa ndani ya bereti, zisionekane. Kwa hiyo hii nembo, mama, si serikali iliyoibuni. Ni mkono wako."

Jua lilikuwa linawaka kwenye mabati ya Manundu. Ndani ya kibanda watu walikuwa wamerudia soga zao. Nairesiae aliuliza swali alilolibeba tangu Handeni, na alipoliuliza alikuwa ameshalijua jibu, kwa sababu yule mtu tangu mwanzo alikuwa akisema hakujua, alijua, alituchosha.

"Na sasa yuko wapi?"

Habakuki akavua saa yake, akaivaa tena. "Mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa tatu. Mto ulikuwa umejaa. Tulikuwa tunarudi upande wetu, yeye wa mwisho, ana mzigo wa mwenzake aliyekuwa anaumwa. Mama, yule bwana angeweza kukusomea jiwe. Lakini alikuwa mtu wa nyika, maji hakuyajua. Tulimpata siku ya tatu. Tulimzika huku kwetu, tukamlaza kichwa kaskazini. Tuliambiwa taarifa itawafikia nyumbani. Mimi niliamini imewafikia. Nisamehe. Koisaba alini..."

"Basi," Nairesiae akasema. Alikuwa ameinua kiganja. "Basi, baba. Usilitaje tena jina lile."

Sajini hakuelewa mara moja. Kisha akakumbuka, maana alikaa hema moja na Mparakuyo karibu miaka miwili, akainamisha kichwa. Nairesiae akalia. Alilia kwa sauti, pale kwenye kuni, kilio cha miaka mitano kilichokuwa kimezuiliwa kwa kuita. Bi Mwaija akatoka, akamshika mabega, akalia naye. Sipora akamlisha mama yake kipande cha andazi.

Kabla ya basi, Habakuki akatoa wembe, akaanza kukata nyuzi zilizoshika kitambaa, moja baada ya moja. Kikosi kilikuwa kimevunjwa, akaeleza, Wareno walishaondoka ng'ambo, na wao waliambiwa wachome nembo zote zisibaki. Yake aliificha. Alikuwa hajui kwa nini. "Chukua," akasema. "Hakuna nyingine iliyobaki."

Ijumaa asubuhi boma lilichelewa kuamka. Moringe ndiye aliyetoka kwanza, shuka begani, anasikiliza. Ndama walikuwa wanalia, maziwa yalikuwa yanapiga ndani ya kibuyu kama siku zote, lakini hakuna aliyekuwa akiita. Akaenda mpaka zizini. Nairesiae alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe wa pembe moja, anakamua kimya.

"Shemeji," Moringe akasema kwa woga. "Leo humwiti?"

Akatikisa kichwa. Moringe akashika nguzo ya zizi. Alimpenda mdogo wake, naye alikuwa amejificha ndani ya zile kelele za kila asubuhi kama wengine wote. Nairesiae akafuta mikono, akampa kitambaa. Moringe akakipeleka kwenye mwanga, akafuatisha upinde kwa ukucha, akahesabu mistari, akahesabu tena.

"Nani ameshona hii?"

"Serikali."

"Serikali imejuaje habari za mtoto?"

"Aliwaambia yeye," Nairesiae akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akatabasamu. "Aliwachosha kwa kuwaambia."

Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa, na chuma cha Moringe kilikuwa kinaiva. Moringe akakichomoa, akakitupa pembeni kwenye majani, majani yakatoa moshi. "Lete cha kwake," akasema. Nairesiae akaingia ndani, akakishusha kutoka upande wa kitanda, akafungua ngozi. Wakapiga ndama kumi na mmoja siku hiyo: upinde, mstari, na mstari. Mtoto alipewa kushika mkia wa ndama wa kwanza, akapigwa teke, akalia, akarudi kushika tena.

Simeo alifika adhuhuri na daftari lake. Akaketi, akafungua ukurasa wenye nafasi iliyoachwa wazi mara tatu, akatazama nyuso za watu, akaelewa bila kuambiwa. Akaandika kwenye safu ya pili, marehemu. Kisha akauliza kwa upole, kwa kuwa daftari lilitaka hivyo, "Jina lake, mama?"

Moringe akatazama chini. Simeo alikuwa mtu wa Korogwe, hakujua mwiko ule. Akauliza tena.

"Nipe hiyo kalamu," Nairesiae akasema.

Akaishika vilevile kama fimbo, akachora upinde, akavuta mstari mmoja, akavuta wa pili, akamrudishia.

Simeo aliinua daftari karibu na miwani yake, akaligeuza huku na huku. "Lakini mama, wakubwa wa wilaya hawataweza kulisoma hili."

"Watajaribu siku tatu," Nairesiae akasema, akachukua kibuyu chake, akaenda kukamua ng'ombe aliyebaki.